Mlango Ambao Nyanya Yako Hakuufungua

Kawira,

Usidhani nakuandikia kwa sababu hasira zangu zimeisha. Hazijaisha. Wewe uko chumba cha pili unafungasha, mimi niko mezani, na ukuta ulio kati yetu ni wa mbao, kwa hiyo nasikia kila unachokitia kwenye sanduku na kila unachokitoa tena. Ningeweza kusimama nikaja kukwambia haya kwa mdomo. Lakini mdomo tumeujaribu tangu Pasaka, na kila mara mmoja wetu ametoka nje akaubamiza mlango. Kwenye karatasi huwezi kunitokea nje kabla sijamaliza.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za wezi wa Nairobi, wala za kwenda kanisani Jumapili. Hayo utaambiwa na wote watakaokuja kukuaga asubuhi. Mimi nataka kukuandikia habari za kazi unayoiendea. Unaenda kukaa mbele ya kompyuta katika ofisi ya wachapishaji wa vitabu, na kazi za watu zitapita mikononi mwako. Mimi ndiye wa kwanza kupita mikononi mwako, na sikupita salama.

Mengi nitakayosema unayajua, mengine uliyaona kwa macho yako. Nitayasema hata hivyo, kwa sababu uliyaona ukiwa upande wako.

Riwaya ile niliiandika kwa miaka. Wewe ndiye uliyekuwa ukiamka na kunikuta na taa ya chemli, nimejifunga shuka mabegani, chai imepoa, kabla sijaenda shuleni kufundisha darasa la sita. Watu wa Karurumo waliniona kama mwanamke ambaye ameanza kuharibika kichwa. Mwalimu, kwani wewe kahawa yako hutaki kuchuma? Mwalimu, hiyo kitabu itaisha lini? Mswada wa kwanza ulirudishwa na wachapishaji. Nikauandika upya. Ukarudishwa tena, na safari hiyo walikuwa wameukalia muda mrefu hata panya wa huko ofisini kwao wakaula pembeni. Nikauandika upya. Ukitaka kujua mtu anayeandika riwaya ni mtu wa aina gani, ni huyo. Hakuna aliyemwomba.

Mwishowe walikubali. Barua yao ilinifurahisha mpaka mstari wa mwisho, uliosema kwamba siku hizi hawapokei karatasi, niwaletee kazi kwenye disketi. Mimi sikuwa nimewahi kuona disketi. Nilidhani ni kitu kikubwa cha kubebwa na watu wawili. Wewe ulikuwa umemaliza masomo ya kompyuta kule Embu mjini, katika kile chumba chenye zulia ambacho mlikuwa mkivua viatu mlangoni ili vumbi lisiziue mashine, na mwenye chuo alikuwa anakuruhusu kukaa jioni wanafunzi wakienda. Ukaniambia, "Mama, hao watu wa kuchapa huko mjini watakuharibia. Wacha nikuchapie mimi."

Watakuharibia. Ulisema hivyo, kwa mdomo wako.

Ulichapa kwa majuma. Ulikuwa ukirudi umechoka, unaketi hapo jikoni na sahani magotini, unaniambia, "Mama, huyu mzee wako anayeuza mbuzi nimemcheka mpaka mwenye chuo akaniuliza kama niko sawa." Nami najifanya nashughulika na moto. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia lolote kuhusu watu wangu wa kwenye karatasi. Ulikuwa msomaji wangu wa kwanza, Kawira, na zile jioni zilikuwa tamu kuliko siku kitabu kilipotoka.

Kisha ukanyamaza. Ulipokaribia mwisho ukawa unakula bila neno na kwenda kulala. Nilidhani ni uchovu. Sikuuliza.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nitalitaja mara moja tu. Msichana wa kwenye riwaya anarudi kwao na mtoto mchanga mgongoni, anabisha mlango wa mamake, na mama hafungui. Kitabu kinaishia hapo. Sikukwambia kwamba msichana huyo ni mimi na mtoto huyo ni wewe. Nilikupa ukichape kama kazi ya mtu wa mbali, na wewe likizo zako zote za Agosti ulizimaliza kwa huyo mama aliyefunga mlango. Alikuchomea mahindi. Alikusuka nywele. Ukaja kumjua kwa mara ya kwanza mbele ya kioo cha kompyuta, peke yako, bila viatu.

Hilo ni kosa. Lakini halikukupa ruhusa.

Sasa nikwambie ilivyokuwa, kwa sababu hata kwenye riwaya nilipunguza. Ilikuwa mchana mweupe. Watu hudhani mambo ya namna hiyo hufanyika gizani. Kule kwetu juu Meru mvua ilikuwa imekatika, wanawake walikuwa shambani wanachuma majani chai, na wote waliniona nikipanda ile njia na wewe mgongoni. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenifukuza kwa ajili ya mimba, nami sikuthubutu kurudi nyumbani mpaka ulipozaliwa. Babako alikuwa amehamishiwa kazi mbali, hakuacha anwani. Nilibisha. Nilimsikia mama akisogeza kiti. Nikasema, "Mama, ni mimi." Akajibu kutoka ndani, wala hakupaza sauti, "Msichana wangu yuko chuo." Basi, hayo tu. Ukaanza kulia. Redio ilikuwa inasema ndani, na akaizima. Aliizima akakusikiliza, Kawira. Nilijua anakusikiliza, na nilisimama pale nikisubiri nisikie komeo, na komeo halikulia. Wale wanawake waliendelea kuchuma.

Hiyo ya redio sikuiweka kwenye riwaya. Nilijaribu, mkono ukakataa.

Nilishuka nikaja huku Embu, kwa msichana niliyesoma naye, na mamake hakuniuliza swali hata moja. Alibandika maji ya kukuogesha. Hiyo ndiyo sababu sisi ni watu wa Karurumo na si watu wa Meru. Baadaye nilirudi chuoni, nikamaliza. Babu yako alipokufa tulikutana na mama kaburini tukaanza kusalimiana. Hakuniomba msamaha, nami sikumwambia aniombe. Nilikupeleka kwake likizo kwa sababu niliona mtoto anahitaji nyanya. Nikanyamaza kwa miaka yote hiyo, nikaandika. Mtu mwingine angekunywa, mwingine angeokoka. Mimi nilikuwa na ukurasa mmoja tu duniani ambapo mlango ule umefungwa na kila mtu anauona umefungwa.

Ndio ukurasa uliouondoa.

Wachapishaji walipotuma kurasa za kusahihisha, mimi nilikuwa na mitihani ya watoto imejaa meza nzima. Nikakupa wewe uzisome. Ukazisoma, ukanirudishia, nikatia sahihi. Ulinitazama nikitia sahihi. Mengine yote ninaweza kuyazunguka, hilo sijapata njia ya kulizunguka.

Vitabu vilipofika posta ya Runyenjes nilitoa kimoja, lakini sikukisoma. Nilikigeuza, nikakinusa, nikatazama jina langu. Nilidhani najua kilichomo ndani.

Siku niliyojua hukuwepo, kwa hiyo nikusimulie. Mwalimu wa Kiswahili wa shule moja kule Siakago aliniita nikazungumze na wasichana wake. Joto lilikuwa la kuchoma mabati. Walikuwa wamenipangia kiti chenye kitambaa, na soda. Mwalimu akasema, "Mwalimu mwenzangu, hii kitabu yako imefanya hawa wasichana walie wote, hata mimi." Kisha akamsimamisha msichana mmoja mwembamba asome ukurasa wa mwisho. Akasoma vizuri, kwa sauti tulivu: "Mlango ulifunguka kabla mkono wangu haujaugusa."

Nilidhani ameshika kitabu kisicho changu. Aliendelea. Mama akatoka, akamshusha mtoto mgongoni mwa binti yake, akamwambia ingia, chai iko motoni. Wasichana walikuwa wanafuta macho na kola za sare zao. Nikainuka nikamwendea, nikakitazama kitabu juu ya bega lake. Jina langu lilikuwa pale juu ya jalada.

Wakapiga makofi. Na mimi, Kawira, nilisimama pale nikapokea makofi yale. Nilitabasamu. Msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, ulipata wapi hiyo mwisho?" Nikamjibu kwamba mwandishi hajui mambo yanakotoka. Niliona aibu ya kusema mbele yao kwamba sijui kitabu changu kinavyoisha. Nilikunywa soda yao nikarudi nyumbani.

Ulikuwa umekaa uani unachambua ndengu.

Nikasema, "Kawira. Sura ya mwisho."

Hukujifanya hujui, na hilo nalipa heshima yake. Uliendelea kuchambua. "Nilijua siku moja utaisoma."

"Nani alikwambia ubadilishe?"

"Hakuna."

"Kitabu ni cha nani?"

"Ni chako."

"Sasa?"

Ukaweka ungo chini. "Mama, mimi pia nilikuwa pale mlangoni. Nilikuwa mgongoni mwako. Mbona hukuniuliza mimi nataka iishe namna gani?"

"Haikuisha unavyotaka! Iliisha vile iliisha!"

"Kwa maisha," ukasema. "Kwa kitabu si lazima."

Niliupiga ungo teke. Ndengu zikatapakaa uani, kuku wakafanya sikukuu, na wewe ukainuka ukaingia ndani bila kunitazama. Nilibaki nikiziokota moja moja kama mwendawazimu. Hujawahi kuniuliza nani aliziokota.

Nakwambia sasa jambo ambalo sikutaka kukwambia. Baadaye niliisoma ile sura yako peke yangu. Ile sentensi ya kwanza, ya mlango kufunguka kabla mkono haujaugusa, ni nzuri kuliko sentensi yoyote niliyowahi kuandika. Ningeipata mimi, ningeamka nikatembea uani mpaka kukuche. Hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi. Ungekuwa umeandika vibaya ningekusamehe mapema.

Kisha ikaja harusi ya binamu yako kule Meru. Hapo ulikuwepo, lakini ulikuwa unagawa wali, na sijui ulisikia kiasi gani. Wanawake wa chama cha kanisani walikuwa wamemzunguka nyanya yako chini ya turubai. Mmoja wao, aliyekuwa shambani siku ile ya majani chai, nakumbuka hata leso aliyojifunga, akanishika mkono akasema, "Sisi tulikuwa tumesahau vile mamako alikupokea. Hata mtoto wangu amesoma kwa kitabu, akatusomea. Mama kama huyu ni wachache."

Nikamtazama mama. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, amevaa ile sweta yake ya bluu. Akasema, "Ni Mungu alinisaidia nikafungua."

Hakuwa anadanganya, Kawira. Nilimtazama usoni vizuri, na mimi kazi yangu ni kutazama watu usoni. Alikuwa anaamini. Amezeeka, na mtu amemletea kumbukumbu nzuri iliyochapishwa, yenye jalada, na ameichukua.

Nikasema mbele yao wote, "Hukufungua."

Mama akaweka kikombe chini polepole. "Sikufungua?"

"Hukufungua, mama. Ulizima redio."

Aliponitazama kulikuwa na kitu kilichopita machoni pake, na kwa nukta moja nilidhani amekumbuka. Kisha akawageukia wale wanawake, akarudi kwangu, akaniuliza, "Kwani hiyo kitabu ni nani aliandika? Si jina ni lako?"

Ningesema nini, mimi mwenye maneno, mbele ya turubai zima? Kwamba mtoto wangu ndiye aliyeandika? Wangecheka. Ulikuwa umesimama nyuma ya kiti chake na sufuria ya wali mikononi, na uliinamisha macho. Tulipokuwa tunarudi ulisema, "Mama, sikujua itafika huku." Hiyo ndiyo samahani pekee niliyowahi kupata kwako, na haikuwa samahani.

Ndipo nikaenda Nairobi. Nilikwambia naenda kuona daktari wa macho. Nilibeba mswada wangu wa mkono, wote, umefungwa kwa kamba ya katani, nikaingia katika ofisi ile unayoiendea. Mhariri ni kijana mpole, ana tai, ana miwani, usidanganywe na upole wake. Nilimwekea sura yangu mezani na nikamwekea kitabu pembeni. Nikamwambia, "Soma hii, halafu soma hii."

Alisoma. Alisoma sura yangu mara mbili, nilimwona akirudi mwanzo. Akavua miwani. "Mwalimu, hii ya mkono ni kali sana."

"Ndiyo niliyoandika. Irudisheni."

"Ukweli ni kwamba ni rahisi kurudisha. Siku hizi kitabu si jiwe, kiko ndani ya mashine. Karibuni tutaviweka kwenye intaneti, mtu asome akiwa Ulaya. Leo kinaisha hivi, kesho tukitaka kinaisha vile. Ni kubonyeza tu."

"Basi bonyeza."

Akatabasamu. "Lakini wasomaji wamekipenda hivi kilivyo. Walimu wanatuandikia. Huwezi kumnyang'anya msomaji mlango ambao ameshaingia." Akagongagonga ile sura ya kwenye kitabu kwa kidole. "Na hii iliandikwa na nani, kama si wewe?"

Nikamwambia. Nilitaka aone aibu. Nilitaka aone kwamba msichana wa kuchapa amewapita wote hapo, wahariri na wasahihishaji, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nikasema, "Ni binti yangu. Alikuwa anachapa."

Akaegemea kiti. Macho yake yalikuwa yameng'aa kama ya mtu aliyeona gari analotaka kununua. Akaniuliza, "Ana kazi?"

Unaona, Kawira? Nilienda kukushtaki, nikarudi nimekutafutia kazi.

Alinieleza bila haya. Alisema wana miswada mingi inayokufa kwenye sura ya mwisho, na kwamba wewe una mkono wa kuandika. Alisema kwa kompyuta mambo haya yanafanyika bila kumsumbua mwandishi. Bila kumsumbua mwandishi! Mimi mwandishi nikiwa nimekaa mbele yake na kamba ya katani mikononi. Barua yao kwako inasema wewe ni mpangaji wa kurasa. Sivyo. Wanakuajiri ukawafanyie wengine ulichonifanyia mimi, na safari hii utaambiwa ufanye, na utapewa chai ya saa nne.

Barua ilipofika uliishika mlangoni ukanitazama kama mtu anayengoja kofi. Ulidhani nitakukataza. Nilipika, nikala, nikalala. Kama ningekwambia usiende ungeenda kwa sababu nimesema, na kama ningekwambia nenda ungefikiri nimesamehe. Ndiyo maana hujanisikia nikisema chochote kuhusu kazi hiyo mpaka leo.

Sasa sikiliza kuhusu hao watu utakaokutana nao, ambao hutakutana nao uso kwa uso. Mmoja atakuwa anaishi kule Kiritiri. Simjui, lakini yupo. Mchana anachoma makaa au anafundisha au anauza katika duka la mtu, na asubuhi na mapema anaandika. Mkewe amemchoka. Ameandika ukurasa mmoja ambao ukimwondolea, hana tena mahali pengine popote pa kusema jambo hilo. Wewe hutajua ni ukurasa gani. Hata mimi ungeniuliza ningekwambia ni ule wa mzee wa mbuzi, kwa sababu huo ndio wa kuchekesha, na mwingine nisingethubutu kuutaja.

Kazi yake itakuja kwako kwenye disketi, nyepesi, haina uzito kabisa mkononi. Mswada wangu ulikuwa na uzito. Ulikuwa na doa la chai na meno ya panya. Na kwenye karatasi, ukiukata mstari wangu kwa kalamu, mstari unabaki pale chini ya wino, unaonekana, unalalamika. Mtu akija kesho anaweza kuuliza, huyu alitaka kusema nini, na nani alimzuia? Kwenye mashine yako hukunikata. Ulifanya iwe kama sikuwahi kusema. Mhariri atakwambia hiyo ndiyo faida ya mashine. Mimi naishi ndani ya hiyo faida. Mamangu anapigiwa makofi kwa mlango aliofunga, na shahidi wake ni jina langu.

Najua ulichotaka. Sijawahi kukwambia najua, lakini najua. Ulitaka nyanya. Ulikuwa naye mmoja, nikakuondolea kwa sura moja, ukakaa katika kile chumba cha zulia ukajitengenezea mwingine ukamwita aje amfungulie mamako. Wala hukuandika hivyo kwa ajili yako peke yako. Nimesoma vizuri: yule mama wa kwako anapofungua, anamshika kwanza binti, halafu ndipo mtoto. Ulinipa mimi kwanza. Nililia niliposoma hapo, kwa hasira na kwa kitu kingine, na siwezi kukubali zawadi iliyoingizwa nyumbani kwangu kwa kuvunja dirisha.

Ungeniambia. Ungekuja na hiyo sentensi yako mkononi, hapo jikoni, na sahani magotini, ukasema, Mama, mimi naona mlango ungefunguliwa. Ningekufokea. Pengine ningekutupia mwiko. Lakini ningekuwa na mtu wa kugombana naye juu ya jambo ambalo sijawahi kugombana na mtu yeyote juu yake tangu siku ile ya redio. Ulininyima huo ugomvi. Ukanipa huu mwingine badala yake, wa milango kubamizwa, ambao hauna faida.

Kesho sitakusindikiza mpaka kituoni. Nina darasa, na sitaki watu wa Karurumo watusome usoni. Utaniona kwenye dirisha la darasa la sita ukipita, nami nitakuona, na inatosha.

Jambo la mwisho hulijui. Nimemaliza riwaya nyingine. Niliiandika miezi hii tuliyokuwa hatusemezani ila kwa kugombana. Ulikuwa unadhani natayarisha masomo. Ni habari ya mama na binti wanaoishi nyumba moja bila kuongea, na mwisho wake najua hutaupenda. Ningeweza kuipeleka kwa wachapishaji wengine. Kuna mmoja aliyeniandikia. Nitaipeleka hapo hapo kwako, ya mkono, imefungwa kamba, na nitamwandikia yule mhariri kwamba ichapwe na wewe au irudishwe. Safari hii kurasa za kusahihisha nitazisoma mwenyewe, kila mstari, mitihani iwepo isiwepo.

Chapa nilichoandika, neno kwa neno. Kisha toa karatasi kwenye ile printa yenu, chukua kalamu, na kila mahali unapoona nimekosea, nimedanganya, nimemwonea mtu, nimekuonea wewe, niandikie pembeni kwa mwandiko wako. Andika, Mama, hapana. Andika kwa nini. Nitukane ukitaka, mradi nione mkono wako. Nami nitakujibu papo hapo chini yake na nikurudishie, nawe unijibu. Tutagombana hapo mpaka nafasi ya pembeni iishe, na ikiisha tutaongeza karatasi.

Mamako,
Karimi